Kisu Kilichokataliwa Dirishani

Inspekta aliweka kisu juu ya gazeti na kukizungusha kwa ncha ya kalamu.

"Kitazame tena," alisema.

"Nimekitazama mpaka kimenizoea, afande," alijibu sajini.

Kilikuwa kisu kifupi cha kukatia ngozi, ncha yake imepinda kidogo kama mdomo wa kasuku. Kwenye mpini wa mbao palikuwa na alama ya kiatu kidogo, iliyochomwa kwa waya wa moto. Soko zima la viatu liliijua alama hiyo. Ilikuwa ya fundi viatu mzee wa uchochoro wa nyuma, ambaye tangu juzi alikuwa amelala mahabusu, kwa kuwa kisu hicho kiliokotwa kando ya mwuza viatu aliyechomwa mgongoni jioni, akiwa anafunga duka lake.

Mwuza viatu huyo, ambaye watu walimwita Soli, alikuwa hai, lakini kwa bahati tu. Majirani walisema yeye na mzee walikuwa hawaivi chungu kimoja. Soli alizoea kupanga viatu vyake mpaka mbele ya mlango wa mzee, naye mzee akivisukuma pembeni kwa mguu. Kwa mkuu wa kituo hayo yalitosha. Kesho asubuhi mzee angesomewa mashtaka.

"Kinuse," alisema Inspekta.

Sajini aliinama. "Mafuta ya cherehani."

"Na hapa, mpini unapokutana na chuma?"

"Gundi. Na nyuzinyuzi za karatasi ya kaki." Sajini alikwaruza kwa ukucha. "Selotepu ilikuwa hapa."

"Kisu cha kazi ya kila siku hakipakwi mafuta hivyo. Kingeteleza kwenye ngozi siku nzima. Na selotepu ya nini?"

"Labda alikificha mahali."

"Labda alikifunga kwa ajili ya safari," alisema Inspekta, na kabla sajini hajapata kofia yake, yeye alikuwa ameshafika mlangoni. Kituoni mwanamke huyo walimwita Msumari, kwa sababu akishaingia mahali hatoki kwa kuvutwa na mkono.

*

Mzee alikuwa ameegemea ukuta wa mahabusu. Vidole vyake havikutulia, vilikuwa vikivuta uzi usiokuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza lile lile?"

"Jingine. Kisu chako ulikishika lini mara ya mwisho?"

"Nimeshawaambia wenzako. Nilikituma posta. Wakacheka."

"Mimi sijacheka. Ulikuwa unamtumia nani?"

"Binti yangu. Amepata kazi kwenye karakana ya mikoba, mji mwingine huko, mbali. Kila fundi pale ana vyombo vyake, yeye anaazima. Na ukiazima kisu cha mtu unakata kwa woga. Macho yangu mimi yameshaanza kunikimbia, nikasema basi, achukue vyangu: kisu, nyundo, misharasi ya kutobolea ngozi, na kalibu mbili za mbao za kuundia viatu."

"Ikawaje?"

Mzee alipumua. "Mara ya kwanza nilivipaka mafuta visishike kutu, nikaviweka kwenye mfuko wa kitambaa. Mama wa dirishani akanirudisha. Kisu hakiendi kwenye mfuko. Nikaenda nikatafuta boksi la viatu, si ninayo tele. Mara ya pili boksi likawa linapiga kelele kama njuga, na alipolitikisa, ncha ikatokeza ubavuni. Akaniambia, mzee, unataka kutukata vidole? Nikaona haya. Ana haki."

"Mara ya tatu?"

"Sikurudi kwake tena. Nje pale kuna anayefunga vifurushi vya watu, wanamwita Kamba. Akanifungia vizuri, akaniambia nisimame nje, atanipitishia yeye. Akaingia nacho, akatoka mikono mitupu."

"Risiti?"

"Alisema ataniletea."

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa akigongagonga nondo ya mlango kwa funguo za gari.

"Mzee, Kamba alikuwa na ugomvi wowote na Soli?"

"Sidhani hata wanajuana."

*

Hospitalini walimkuta Soli amelazwa kwa ubavu, bandeji imemzunguka kifua. Mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha akikoroga uji kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa khanga.

"Ni mzee," alisema Soli kabla hajaulizwa.

"Ulimwona?"

"Niliona kisu. Kilianguka hapa, mbele ya uso wangu."

"Naongelea mtu."

"Nilikuwa nimempa mgongo, afande. Nahangaika na kufuli."

"Kwa hiyo uliuona mpini tu."

"Mpini una mwenyewe."

Inspekta aligeukia dirishani. "Pole na kuuguza, dada. Mkono umefanyaje?"

Mwanamke alitazama kitandani kwanza, ndipo akajibu. "Niliteleza bafuni."

"Bafu letu lina utelezi," alisema Soli.

"Huyo mzee aliwahi kumtisha mumeo?"

"Mzee?" Alikoroga uji tena, ingawa ulikuwa umeshapoa. "Mzee ananishonea viatu vya watoto bure. Hajawahi kunidai hata senti."

Soli alikohoa, na mkewe akanyamaza. Inspekta alisubiri kidogo, kisha akaaga. Koridoni alitembea haraka mpaka sajini akalazimika kukimbia kidogo kidogo.

"Tunaenda wapi sasa?"

"Posta. Kama kisu kilisafiri, kuna mahali kilishukia."

*

Kamba alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa la posta, amezungukwa na maboksi yaliyokunjwa, mkasi umefungwa kiunoni kwa uzi mrefu ili usiazimwe ukapotea. Alipoona sare ya sajini alianza kukunja biashara yake.

"Kaa," alisema Inspekta. "Kifurushi cha fundi viatu ulikipeleka wapi?"

"Fundi viatu yupi, dada?"

"Aliye mahabusu kwa kisu ulichokifunga wewe."

Mikono ya Kamba ilisimama. "Yule mzee? Yule aliyekuwa ananihadithia habari za binti yake?"

"Huyo huyo. Na dirishani hukupita."

"Sikupita. Yule mama akishakataa kitu, umekwisha." Aliteremsha sauti. "Kuna mlango wa nyuma. Mizigo migumu kama hiyo nampa mtunza stoo, anaiingiza pamoja na mingine. Lakini hiyo ya mzee aliniambia mashine ya ukaguzi imeikamata, imewekwa stoo. Nikaona haya kumwambia mzee. Nilikuwa bado nasubiri itoke."

"Au ulikitoa kisu ukakiuza," alisema sajini.

"Ningekiuza, afande, ningejisumbua kukivika? Nilikifunga kama mtoto mchanga. Ncha niliichomeka kwenye kizibo cha chupa. Makali nikayazungushia kaki, juu yake selotepu ya kahawia. Ndani nikajaza magazeti, kisipige kelele. Juu ya boksi nikaandika jina la binti na mji wake, na pembeni jina la mzee na uchochoro wake, kama wanavyotaka."

"Selotepu ya namna nyingine hutumii?"

"Situmii. Ile ya kuangaza, inayoonyesha ndani, jua likipiga inabanduka."

Inspekta alikuwa ameshampita. Sajini alimwonyesha Kamba kidole cha kumwambia asiondoke, akafuata.

Dirishani alikaa mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia, ambaye wenzake walimwita Mama Pacha. Alimkumbuka mzee mara moja.

"Nilimkataa mara mbili na nitamkataa ya tatu akija hivyo," alisema. "Watu wananichukia. Wapishi, maseremala, vinyozi, wote wananiona mimi ndiye nimetunga sheria. Kisu hakikatazwi, afande. Kinachokatazwa ni kusafiri uchi. Mwenzetu wa kubagua mizigo alipasuliwa kiganja na patasi iliyokuwa ndani ya bahasha, mpaka leo kidole gumba hakikunjiki. Sasa nimwonee nani huruma, mwenye patasi au mwenye kidole?"

"Vitu vilivyokamatwa na mashine vinakaa wapi?"

"Nyuma. Nitawapeleka, sasa hivi hakuna foleni."

*

Chumba kilikuwa kirefu, chenye dirisha moja la nondo juu karibu na dari. Rafu zilijaa kila kitu ambacho watu walikuwa wamejaribu kukituma bila kufikiri: misumeno imefungwa kwa taulo, mikasi ya mafundi cherehani, patasi, panga lililoviringishwa kwenye kalenda, na seti nzima ya visu vya jikoni iliyowekwa wazi kwenye trei kwa sababu bahasha yake ilikuwa imechanika. Mtunza stoo alisimama alipowaona. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, shada la funguo kiunoni.

"Karibuni. Mnatafuta nini?"

"Boksi la fundi viatu, linaloenda kwa binti yake."

"La namna hiyo sina."

"Kamba anasema alikupa."

"Kamba anasema mengi, afande."

"Basi hutajali tukitazama."

Inspekta alianza kuzunguka. Hakugusa kitu, alitembea tu kutoka rafu moja hadi nyingine, akarudi, akainama, akainuka. Mtunza stoo alimfuata kwa macho, na kila alipokaribia kona ya mwisho, mkono wake ulishika funguo, zikalia. Inspekta aliliona hilo mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Sajini, sogeza hayo mabegi ya kona."

Chini ya mabegi palikuwa na boksi la kadibodi. Jina la binti lilikuwa juu, jina la mzee na uchochoro wake pembeni, yote kwa mwandiko mkubwa wa Kamba. Selotepu ya kahawia ilikuwa imekatwa katikati, na juu yake imepitishwa nyingine, ya kuangaza.

"Nyinyi mkifungua mzigo mnafungaje?" Inspekta alimwuliza Mama Pacha.

"Kwa hiyo hiyo ya kuangaza, halafu tunapiga muhuri juu yake." Mama Pacha alivaa miwani. "Hapa hakuna muhuri."

Sajini alilifungua. Magazeti, nyundo, misharasi imefungwa pamoja kwa uzi, kalibu mbili. Chini kabisa kulikuwa na ala ya kaki iliyokatwa upande mmoja, na ndani yake kizibo cha chupa.

"Basi si mnaona," alisema mtunza stoo. "Kamba alikitoa kabla ya kuleta."

"Dakika mbili zilizopita boksi halikuwepo, sasa lipo lakini Kamba ndiye aliyelifungua. Kwa selotepu ambayo hana." Inspekta alichukua roli iliyokuwa juu ya meza na kuiweka karibu na boksi. "Funguo za humu ziko kwa nani?"

"Kwangu. Na kwa bwana mkubwa."

"Bwana mkubwa yuko likizo tangu mwezi uliopita," alisema Mama Pacha.

Inspekta alisimama katikati ya chumba. "Kinachonisumbua ni hiki. Panga lile pale halina hata jina. Visu vya mpishi viko wazi kwenye trei, vikali, virefu, na hakuna ambaye angejua kimoja kimepungua. Mtu anayetaka kisu tu angenyoosha mkono. Lakini huyu wetu amepita vyote hivyo, akachukua boksi lililofungwa vizuri kuliko yote humu, akalikata, akatoa kisu kidogo cha ngozi, akalifunga tena. Kwa nini?"

"Alisoma jina," alisema sajini.

"Alisoma jina, akasoma na uchochoro. Alikuwa anatafuta kisu chenye mwenyewe. Kikiokotwa pale sokoni, hakuna atakayeuliza swali la pili." Alimgeukia mtunza stoo. "Una mtu soko la viatu?"

"Sina. Hata kufika sijawahi."

Mama Pacha alimgeukia kwa mshangao wa kweli, bila nia mbaya yoyote. "Huko si ndiko alikochomwa shemeji yako? Jana si uliomba ruhusa ukamwone hospitali?"

Funguo ziliacha kulia. Mtunza stoo alitazama mlango, lakini sajini alikuwa amesimama hapo. Akakaa taratibu juu ya mabegi.

"Mkono wake mmeuona?" aliuliza.

"Tumeuona. Tumeambiwa ni bafuni."

"Hawana bafu. Wanaogea uani, kwenye udongo mkavu. Atatelezea wapi?" Alijipangusa uso kwa kiganja. "Huo ni wa pili. Mara ya kwanza alivunjwa ule mwingine. Siku ile nilimleta kituoni kwenu mimi mwenyewe. Tukaambiwa mambo ya chumbani yaishie chumbani, twende tukazungumze kama ndugu."

"Mliambiwa na nani?"

Alinyoosha kidole mlangoni. "Huyu."

Daftari lilikuwa mkononi mwa sajini, kalamu juu ya ukurasa, na hakuandika. Mama Pacha alivua miwani akaanza kuipangusa kwa ncha ya gauni.

"Endelea," Inspekta alisema hatimaye.

"Hakuna cha kuendelea. Nilichoka kumwona akificha uso kila ninapoenda kuwasalimia watoto. Nikasema akifa mumewe, dada yangu atapumua."

"Na mzee alikukosea nini?"

"Simjui."

"Ndiyo nauliza. Alikukosea nini?"

"Afande, mimi nilimwona ni jina tu juu ya boksi."

"Anawashonea watoto wa dada yako viatu. Bure."

Mtunza stoo alikuwa hajui hilo. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na akabaki hivyo hata sajini alipomshika bega na kumwambia, kwa sauti ndogo ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwake, "Simama, kaka. Twende."

*

Alasiri mzee aliletwa ofisini. Alitia saini kwa kidole gumba na kuvaa mkanda wake. Inspekta alimsogezea boksi. Mzee alitoa kila kitu, akakihesabu kwa kukigusa, akarudisha. Ala tupu aliishika zaidi kidogo.

"Kisu?"

"Ni kielelezo, mzee. Kitakaa mahakamani mpaka kesi iishe."

"Itachukua muda gani?"

"Mrefu."

"Basi mwanangu ataendelea kuazima." Alilikumbatia boksi kifuani. "Hivi vingine nitavipeleka mwenyewe. Sirudi tena posta."

Alipokuwa akitoka alipishana mlangoni na sajini, ambaye Inspekta alikuwa amemtuma hospitalini peke yake. Nyuma ya sajini alikuja mke wa Soli. Mzee alimsalimia, akamwuliza habari za watoto. Mwanamke alijibu kwamba hawajambo, akalifuata boksi kwa macho mpaka lilipotokomea koridoni.

Sajini alimvutia kiti. Alisimama kando ya kabati, kofia mkononi.

"Ameniambia kaka yangu yuko hapa," alisema mwanamke. "Hakutaka kuniambia amefanya nini."

Inspekta alimwambia. Alimwambia yote, kisu, boksi, jina la mzee, na maneno aliyoyasema kaka yake kuhusu kupumua. Hakufupisha. Mwanamke alisikiliza akiwa ameushika mkono wa plasta kwa ule mzima, na ilipofika mwisho hakulia wala hakuuliza kaka yake atafungwa miaka mingapi.

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

"Jioni. Maduka yakifungwa."

"Saa hizo mimi sikuwa nyumbani."

Sajini aliinua kichwa. Inspekta aliacha kutembeatembea.

"Ulikuwa wapi?"

"Kituo cha basi, na watoto. Nilikuwa nimeshaondoka, afande. Nilikuwa nimefunga nguo zetu, nikamwachia funguo jirani. Kaka sikumwambia. Nilimjua, angekuja kugombana. Nikasema nikishafika ndiyo nimpigie." Alitazama meza. "Tulikuwa tumeshakaa. Mdogo amelala mapajani kwangu. Dereva amewasha gari, anasubiri abiria mmoja tu. Ndipo simu ikalia, naambiwa rudi, mumeo amechomwa kisu."

Alirekebisha khanga iliyoshika mkono wake.

"Nikashusha watoto," alisema.